Abiria wa Kwenda Kumzika Okiring

Mimi si mtu wa kushtuka. Nataka ulijue hilo kabla sijaanza, maana nikimaliza unaweza kusema huyu ni mwoga tu. Nimeishi mpakani tangu sijaota ndevu. Nimeona jeneza likivushwa pale Busia, watu wanalifuata wakilia machozi ya kweli, na ndani hakuna maiti, kuna sukari. Nimeona mwanamume akitoka upande wa Uganda amevaa suruali saba, moja juu ya nyingine, anatembea kama aliyetahiriwa jana. Nimeona mama akijifungua juu ya magunia ya chumvi, na kabla jua halijatua yuko tena sokoni anabishana bei, mtoto yuko mgongoni. Mtu akiniletea habari za mizimu, mimi humwuliza kwanza kama amekula.

Lakini hili lilinipata mimi mwenyewe. Lilinipata mchana, jua linawaka, na sikuwa nimeonja hata tone la chang'aa. Sikuombi uniamini haraka. Sikiliza tu.

Mali yangu niliitafuta kwa miguu. Nasema miguu, sisemi mikono, kwa sababu nilianza na baiskeli, na hata baiskeli yenyewe haikuwa yangu. Kati ya geti la Kenya na geti la Uganda kuna kipande cha barabara ambacho mtu mwenye mizigo akikitembea anafika amechoka. Sisi tulikuwa tunasimama pale tukiita, "Boda, boda!" yaani mpaka hadi mpaka. Leo hata watoto wa Nairobi wanalitumia hilo neno, wanafikiri lilianguka kutoka mbinguni. Nilikanyaga pedali miaka sita. Miaka ile ya tisini ilipofika katikati nilikuwa na baiskeli ishirini na sita zinazoendeshwa na vijana wa watu, duka la spea Busia, lingine dogo Malaba, na pickup. Sikusaidiwa na mjomba wala mheshimiwa yeyote. Shule niliiacha kidato cha pili.

Hapo kwenye kidato cha pili ndipo mambo yalipo.

Kule high school tulikuwa wanne kwenye kona moja ya bweni. Mimi, Barasa, Ouma wa Sio Port, na Okiring wa Angurai. Karo ilinishinda nikatoka. Wao wakamaliza. Barasa akawa karani wa kampuni ya kutoa mizigo forodhani, tai shingoni kila siku hata jua likichoma vipi. Ouma akarudi ziwani na biashara ya omena, wale dagaa wa ziwani. Okiring akawa mwalimu. Na wote watatu waliniita jina moja tu, mpaka mbele ya wateja wangu: Fom Tuu.

"Fom Tuu, kanyaga! Leo umekula nini, maharagwe?"

"Kaa kimya, Barasa. Mzigo hauongei."

Barasa akija Busia alikuwa habebwi na boda mwingine yeyote. Anakaa nyuma kwenye keria, kiatu kinang'aa, anagonga springi za kiti changu kwa kifundo cha kidole, ko, ko, ko, kama mwalimu anayegonga meza. Mimi simwoni. Na hapa nikueleze kitu cha kazi yetu ambacho wengi hawakijui: mwendesha boda haangalii nyuma. Ukigeuza shingo, hendeli inaifuata shingo, na wewe na abiria wako mko kwenye mtaro. Kwa hiyo abiria unamjua kwa uzito na kwa sauti. Mimi ukinifunga macho sasa hivi ningekutambulia mtu niliyembeba miaka ile kwa namna anavyokaa tu.

Jina hilo lilinichoma, sitaficha. Mtu una baiskeli ishirini na sita halafu unaitwa kwa darasa uliloshindwa kupita.

Sasa, wewe unayajua mazishi ya huku kwetu. Kabla maiti haijashuka kaburini, emsii anashika maikrofoni anaita watu kwa makundi. Wakwe wajitokeze. Waliofanya kazi na marehemu wajitokeze. Halafu, waliosoma na marehemu wajitokeze. Mnatoka mbele, mnasimama mstari mmoja kando ya jeneza, mmoja wenu anaongea. Ukikosa watu wa kukusimamia hapo, inakuwa kama hukuwahi kuwa kijana. Unazikwa kama mtu aliyezaliwa mzee.

Barasa alitangulia. Ule ugonjwa wa miaka ile, tuliokuwa hatuutaji kwa jina. Tulisimama kumi na wawili. Ouma alifuata, yeye alichukuliwa na ziwa, mtumbwi ulipinduka. Tulisimama saba. Kwenye mazishi hayo ya Ouma, aliyeshika maikrofoni kwa niaba yetu alikuwa Okiring. Alitutaja mmoja mmoja. Alipofika kwangu akanishika bega akasema, "Na huyu ni Fom Tuu wetu. Hakumaliza na sisi, lakini hatujawahi kumtoa kwenye hesabu."

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimevaa suti mpya kutoka Kampala. Nilisikia kile kicheko tu, yale maneno mengine sikuyasikia. Yamenifikia baadaye, yakiwa yamechelewa. Siku ile niliapa sitasimama tena na wasomi hao.

Okiring akaanza kuugua. Alituma salamu kwa kijana wangu mmoja wa boda: "Mwambie Fom Tuu aje tuongee." Nikasema wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa na kazi. Akatuma tena. Nikasema ninakuja. Mara ya tatu zilikuja salamu za msiba.

Nikafanya kile ambacho mtu mwenye pesa hufanya. Nikatia mchango kwenye bahasha, mchango mzito, nikampa kijana apeleke Angurai. Akarudi jioni akasimama mlangoni pa duka.

"Boss, wamesema asante."

"Basi?"

"Mama yake ameuliza nani atasimama. Wale wengine walio hai mmoja yuko Nairobi, mwingine hata kutembea hawezi. Ameuliza kama wewe utakuja."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia Boss ana kazi nyingi."

"Ulisema vizuri," nikamjibu. Lakini usiku ule sikulala vizuri.

Siku ya mazishi ilikuwa Jumamosi. Mimi nikajitafutia safari ya Malaba. Pickup ilikuwa na shida ya gia, nikamwachia fundi pale karibu na foleni ya malori, nikachukua baiskeli ya mmoja wa vijana wangu, nikamwambia naenda Amagoro kuangalia ploti inayouzwa. Ploti ilikuwepo kweli. Lakini si ningeweza kuiangalia siku nyingine? Amagoro ndipo njia ya kwenda Angurai inapochepuka. Moyo unaweza kukudanganya ukiwa umeuangalia hivi hivi.

Ploti niliitazama kama dakika tano. Nilipotoka, pale njia panda, mnyororo ukatoka. Nikainama kuurudisha. Nikaona viatu vimesimama kando ya gurudumu la nyuma, vyeusi, vya ngozi, vinang'aa. Ule ulikuwa msimu wa vumbi. Viatu vyangu mwenyewe vilikuwa rangi ya unga. Vile havikuwa na punje.

"Boda. Angurai."

"Mimi si boda," nikasema, bado nimeinama. "Mimi ndiye mwenye boda."

"Basi leo mwenyewe anibebe."

Nikacheka. Sikuwa nimeambiwa hivyo kwa miaka. Kabla sijainua kichwa sawasawa nikasikia keria imepokea mtu, baiskeli ikakaa chini kidogo. Nikapanda. Usiniulize kwa nini nilikubali. Miguu ilijibu kabla yangu.

"Huko Angurai unakwenda wapi?"

"Mazishini. Nakwenda kusimama."

"Wewe ni nani kwa marehemu?"

"Nilisoma naye."

Mungu wangu, nilivyopumua! Nikajiambia, haya, yamekwisha. Kumbe yupo mtu wa kusimama. Nitamshusha langoni, nigeuze, nirudi kwa gia zangu, na mama ya Okiring hatakuwa na la kusema. Nikakanyaga kwa furaha kabisa. Nikaanza hata kupiga mluzi.

Ndipo ikaja nyuma ya mapaja yangu, kwenye springi za kiti. Ko, ko, ko.

Mluzi ukakatika.

Nilijaribu kujipa moyo. Watu wangapi duniani wanagonga springi? Nikauliza, na sauti yangu nikaisikia ni nyembamba, "Mlisoma shule gani?"

"Ile yenye bweni la kuvuja. Maji yalikuwa yakishukia kitanda cha tatu kwenye kona. Kitanda chako, Fom Tuu."

Hakuna binadamu hai aliyekuwa na ruhusa ya kuniita hivyo. Wale wa kuniita hivyo walikuwa wawili kaburini na mmoja akingojea siku hiyo hiyo. Jasho lililonitoka lilikuwa baridi, nakwambia ukweli, baridi kama ya chupa ya soda. Nilitaka kugeuka. Shingo ilikataa. Miaka sita ya kazi ilikuwa imeifundisha isigeuke, na siku hiyo nilishukuru.

Tukafika kwenye kidaraja fulani, mbao nne juu ya kijito kilichokauka.

"Punguza mwendo," akasema. "Mwenzetu yuko hapa."

Sikusimama. Naapa sikusimama. Lakini baiskeli ilishuka mara ya pili, gurudumu la nyuma likalia kiii kwenye mipira ya breki, na ikaja harufu ya omena zilizoanikwa, na harufu ya maji ya ziwa. Ziwa liko wapi na Angurai iko wapi? Halafu nikasikia kicheko kile cha chini chini cha Ouma, kicheko cha mtu anayeficha mkate chini ya blanketi.

Unajua nilisema nini? Sikutaja jina la Yesu. Nilisema, "Keria hii ni ya mtu mmoja." Biashara imeniharibu.

"Wewe kanyaga," akasema Ouma. "Blanketi nalo lilikuwa la mtu mmoja."

Nikakanyaga. Kuna kilima pale kabla ya kufika, si kikubwa, lakini nilikuwa na watu wawili nyuma na vumbi kooni. Njia ilikuwa tupu. Mama mmoja aliyebeba kuni alinipita, akanisalimu mimi peke yangu, akaangalia jinsi ninavyohangaika na baiskeli tupu, akatikisa kichwa. Hapo nikapata hasira, na hasira ikanipa ujasiri.

"Kama ninyi mmekuja, simameni wenyewe! Mimi mnanitakia nini?"

Barasa hakukasirika. Aliongea taratibu, kama alivyokuwa akiniambia hesabu za darasani. "Sisi tulisimamiwa, Fom Tuu. Wewe ulikuwepo. Leo ni zamu ya Okiring, na mwenye sauti ni wewe."

"Mimi sikumaliza shule."

"Tunajua uliishia wapi. Sisi ndio tuliokuita."

Nikakanyaga tena hatua kama mia. Kisha nikauliza swali ambalo nimejuta kuliuliza, na ningeliuliza tena leo.

"Na mimi? Siku yangu, nani atasimama?"

Hawakujibu. Nikangoja. Kilima chote nikakipanda nikingoja, nikisikia mnyororo tu na pumzi yangu. Wale watu, ambao enzi zao hawakukosa jibu la kunichekesha hata siku moja, hawakujibu.

Langoni kwa kina Okiring baiskeli iliinuka ghafla kama iliyotupa gunia. Nilikaribia kuanguka kwa mbele. Nikageuka sasa, maana kazi ilikuwa imekwisha. Njia nyeupe, mstari wa gurudumu langu mmoja, umezama kwenye vumbi kama wa mtu aliyebeba saruji. Nikashika sponji ya keria. Ilikuwa imeloa.

Ningeweza kugeuza. Hakuna aliyekuwa ameniona. Nilisimama pale langoni nimeshika hendeli, na ndani kwenye turubai nikasikia emsii amemaliza na walimu wenzake.

"Waliosoma na marehemu high school, wajitokeze."

Watu wakageuza shingo wakitazamana.

"Waliosoma na marehemu! Hakuna?" Akafunua karatasi yake. "Haya, kama hakuna, tuendelee na—"

Kutoka pale niliweza kumwona mama ya Okiring kwenye kiti cha mbele. Aligeuza uso huku, akaugeuza kule, kama mtu anayesikiliza hatua. Baiskeli niliiangusha hapo hapo chini. Nikapita katikati ya watu na suruali yangu ya vumbi, tumbo mbele, jasho linatiririka, nikaenda nikasimama kando ya jeneza. Mstari wa mtu mmoja. Umewahi kuuona? Ni kitu cha aibu. Watu wanaangalia nafasi zilizo kando yako kuliko wanavyokuangalia wewe.

Emsii akaninong'oneza, "Mzee, jina?"

Nikachukua maikrofoni. "Mimi naitwa Fom Tuu," nikasema. "Niliishia kidato cha pili. Siku niliyofukuzwa kwa karo, huyu aliruka uzio akanibebea sanduku kichwani mpaka barabarani, akarudi akachapwa viboko. Hakuniambia kama alichapwa. Niliambiwa na wengine. Aliniita mara mbili akiwa mgonjwa, sikuja. Nimekuja leo."

Basi. Nikamrudishia emsii maikrofoni yake. Hakuna aliyecheka.

Baada ya kuzika, msichana mmoja alinishika mkono akaniambia nyanya yake ananiita. Nikaingia kwenye nyumba ya mama ya Okiring. Nikamsalimu kwa Kiteso kile kidogo nilicho nacho, "Yoga, mama." Alikuwa amekaa mkekani, na mbele yake meza ndogo, na mezani sahani tatu za ugali wa wimbi na nyama, zinatoa moshi.

"Kaa ule," akasema. "Waite na wenzako."

"Mama, nimekuja peke yangu."

"Usinifiche. Si mlisimama watatu? Yule mmoja ameloa, mwambie aje karibu na moto. Mlisimama vizuri. Mtoto wangu amezikwa na watu wake."

Nikamwangalia yule msichana. Akaniinamia sikioni. "Boss, nyanya haoni. Ni mwaka wa pili sasa."

Nilikula. Ningefanya nini? Nilikula sahani yangu, na zile mbili zikapoa mbele yangu mpaka mafuta yakaganda juu ya mchuzi, na yule mama akawa anatabasamu upande wa zile sahani, si upande wangu.

Tangu siku hiyo sijakosa mazishi ya mtu niliyesoma naye, awe alikuwa rafiki au alikuwa anaiba sabuni yangu. Hawakuwa wengi waliobaki, na sasa wamekwisha. Mimi naitwa Mzee, naitwa Boss, naitwa Baba fulani. Nina nyumba ya ghorofa pale Busia. Niliwahi kumwomba mke wangu aniite Fom Tuu, mara moja tu, nisikie. Aliniita. Halikuwa jina, lilikuwa sauti tu. Mpaka leo nikipanda baiskeli, maana bado napanda nikiwa peke yangu asubuhi, nasikiliza springi. Hazigongwi.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, kama kuna mtu anayekujua tangu enzi za sare na kichwa cha kunyolewa, na amekutumia salamu kwamba uende muongee, acha duka wazi uende. Usitume bahasha. Na emsii akiita waliosoma na marehemu, toka, hata kama mko wawili, hata kama uliishia darasa gani. Ukikataa kwenda, watakuja kukuchukua, na njiani utawauliza swali lile, nao hawatakujibu.

Jioni ile nilipotaka kurudi Malaba, baiskeli ilikataa kutembea. Gurudumu la nyuma lilikuwa limepinda kama chapati. Nikaikokota baiskeli mpaka kwa fundi pale sokoni Angurai. Akalizungusha, akalitazama, akanitazama na mimi.

"Mzee, ulibeba watu wangapi?"

"Wawili," nikamwambia, "na ni watu wazima."

Rimu mpya mia tatu na ishirini. Spoku kumi na nne, shilingi tano tano, sabini. Ufundi hamsini. Mimi, mwenye maduka mawili ya spea, ninayejua kila bei kutoka hapa mpaka Kampala, nilimlipa bila kuomba apunguze hata senti: shilingi mia nne na arobaini.